Nimehamisha seva ya nyumbani, sasa sijui diski ipi ni pariti

Fundi habari za kazi,

Nina seva ya kuhifadhia vitu nyumbani, natumia Unraid, mfumo endeshi wa seva za namna hii. Humo ndani kuna picha zote za familia tangu watoto wanazaliwa, video, makaratasi niliyoskani, yaani kila kitu. Nilianza na diski mbili za 4TB, moja ya data nyingine pariti, yaani ile ya kuweka hesabu za kurudishia data diski nyingine ikifa. Baadae nikaongeza mbili za 8TB, moja ndo ikawa pariti mpya, na ile 4TB iliyokuwa pariti zamani nikaigeuza kuwa ya data maana sikutaka ikae bure. Kwahiyo jumla ni diski nne, tatu za data na moja pariti, pamoja na SSD moja ya keshi, ile hifadhi ya haraka. Ilikuwa inapiga kazi bila shida.

Sasa juzi nimehamisha mtambo wote kwenye kasha jipya na mazabodi mpya. Nikachomoa diski bila kuandika popote ipi ni ipi, maana najua Unraid inazitambua kwa siriali namba, haijali umechomeka tundu gani. Kumbe flashi inayobutisha ndo imegoma, haisomeki kabisa kwenye mashine mpya, nikachukua flashi nyingine nikaweka Unraid upya na imewaka vizuri, ila nafasi zote ziko tupu, diski zangu nne naziona kwenye orodha zinasubiri mimi nichague ipi ikae wapi.

Shida ni hizo mbili za 8TB. Kampuni moja, modeli moja, siriali zinapishana herufi chache za mwisho, na mimi sikumbuki hata kidogo ipi ilikuwa pariti. Nilisoma kwamba pariti haina mfumo wa faili kwahiyo nikaingia terminali nikaangalia na lsblk, amri ya kuorodhesha diski, zote nne zinaonyesha xfs, yaani mfumo wa faili! Hapo ndo nimechanganyikiwa kabisa.

Rafiki yangu mmoja anasema nirudishe bekapu ya flashi niliyonayo kwenye laptopu, ila ni ya zamani, ya kabla sijanunua hizo 8TB. Mwingine anasema we jaribu tu, ukikosea unabadilisha. Mke wangu ameshauliza picha ziko wapi nimemwambia seva inajiapdeti. Nisaidie kabla hajauliza tena.

Mwenye Diski Nne

*

Mdogo wangu, kwanza toa mkono kwenye mausi. Mpaka hapo ulipofika hujapoteza kitu, diski zote nne ziko kama zilivyokuwa siku umezizima, na zitabaki hivyo hivyo hata ukikaa mwezi mzima bila kufanya lolote. Hatari haipo kwenye kuchagua diski kwenye ile orodha, hapo unaweza kuchagua na kufuta utakavyo. Hatari inaanza ukibonyeza Start, kile kitufe cha kuziwasha diski zote zifanye kazi pamoja. Ukiwa umeweka diski ya data kwenye nafasi ya pariti na ukabonyeza Start, mfumo unaanza kuandika hesabu za pariti kuanzia mwanzo kabisa wa diski, na mwanzo wa diski ndo penye taarifa za kuitambua ile diski ina nini. Diski ya kawaida inaandika kama MB 150 kwa sekunde, kwahiyo hata ukishtuka ukaisimamisha baada ya sekunde 10 tayari GB moja na nusu ya mwanzo imeenda. Ni kweli XFS inaweka nakala za taarifa zake sehemu kadhaa za diski na kuna kazi ya uokoaji inaweza kufanyika, ila hiyo ni kazi ya kutoa jasho na mara nyingi unabaki na mafaili yasiyo na majina. Kwahiyo huyo anayesema "jaribu tu ukikosea unabadilisha" mwambie ajaribu kwake.

Sasa hilo la bekapu ya zamani ndo limenifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine zote. USIIRUDISHE. Najua inaonekana ndo njia rahisi na rafiki yako ana nia nzuri, ila fikiria ndani yake kuna nini. Kwenye folda ya config ya ile flashi kuna faili linaitwa super.dat, humo ndo Unraid inaandika diski yenye siriali fulani iko nafasi fulani. Bekapu yako ni ya enzi za diski mbili za 4TB, maana yake inasema ile 4TB ya zamani ni PARITI. Na wewe umesema mwenyewe ile diski siku hizi ina data. Ukirudisha hilo faili mfumo utaikuta ile siriali, utafurahi, utaiweka nafasi ya pariti bila kukuuliza kitu maana kwake yeye hakuna kilichobadilika, na diski mbili tu ndo alikuwa anazijua na zote zimeonekana. Kama ulikuwa umewasha ile ya arei (hilo kundi la diski zinazofanya kazi pamoja) kuanza yenyewe basi hata kubonyeza Start hutabonyeza, itaanza tu. Toka hapo kila utakachoandika kwenye ile 4TB nyingine kinapeleka hesabu zake juu ya data iliyoko kwenye hii. Alafu ikifika zamu ya kukagua pariti na kusahihisha, mfumo utaona "makosa" kila mahali na utayasahihisha yote, yaani utafuta data yako kwa bidii ukidhani unakusaidia.

Bekapu ya flashi ni nzuri sana, sisemi uitupe. Iko na mipangilio ya shea (folda unazofungua kwenye mtandao wa nyumbani), watumiaji, ufunguo wa leseni, template za Docker (maelezo ya kuwasha programu zako za ziada, zile zinazokaa kwenye makontena). Unaweza kuchota hivyo vitu kimoja kimoja. Lakini super.dat yake usiiguse.

Haya, tutafute ipi ni pariti.

Kabla ya terminali jaribu njia za kivivu kwanza. Hiyo flashi iliyogoma ichomeke kwenye kompyuta nyingine, na kwenye tundu la USB 2 kama lipo, maana flashi nyingi hazijafa kihivyo zinakataa tu kubuti au zinasumbua kwenye tundu la USB 3. Ikifunguka hata mara moja kopi folda yote ya config haraka uiweke pembeni, hiyo ndo super.dat ya kweli, ya juzi, na kazi yako imeisha hapo. Isipofunguka, angalia barua pepe. Kama uliwahi kuwasha taarifa, Unraid inatuma ripoti ya afya ya arei, na ndani ya ile ripoti inaorodhesha Parity, Disk 1, Disk 2 na kila moja na siriali yake pembeni. Watu wengi wanazipokea kila siku hawazifungui, leo ndo siku yake. Pia kama uliwahi kutoa faili la uchunguzi, lile la zip ambalo watu huambiwa walitume wakiomba msaada, lipo sehemu kwenye laptopu yako na siriali zimo. Angalia tu tarehe, iwe ni baada ya kuweka hizo 8TB, isije ikawa hadithi ile ile ya bekapu.

Umekosa vyote? Sawa, twende kwenye diski zenyewe.

Kuhusu lsblk kuonyesha xfs zote nne, hujakosea kusoma wala mashine haijachanganyikiwa. Pariti kweli haina mfumo wa faili, ina hesabu tu: kwa kila biti mfumo unachukua biti za diski zote za data mahali pale pale unazipiga XOR (biti mbili zikifanana jibu sifuri, zikitofautiana jibu moja), jibu linaandikwa kwenye pariti. Sasa diski ya XFS inaanza na herufi nne XFSB. Ukipiga XOR nakala mbili za kitu kile kile unapata sifuri, ukipiga nakala tatu kinarudi chenyewe. Wewe una diski za data tatu, zote XFS, kwahiyo mwanzo wa pariti yako umeandikwa XFSB vile vile na lsblk inaangalia hizo alama za mwanzo tu inasema hii ni xfs. Ungekuwa na diski za data mbili au nne herufi zingefutana na usingeona kitu pale. Ndo maana nawaambia watu msiamini ile safu ya aina ya mfumo wa faili peke yake, hasa mkiwa na diski za data idadi isiyogawanyika kwa mbili.

Na kwako kuna kingine kinachochekesha kidogo. Diski mbili za data ni 4TB, kwahiyo kuanzia 4TB kwenda mbele hakuna cha kupigia hesabu isipokuwa ile 8TB ya data peke yake. Maana yake nusu ya pili ya pariti yako ni kopi ya nusu ya pili ya ile 8TB, biti kwa biti. Ukienda kuchungulia huko kutafuta tofauti utakesha.

Dawa ni kuifungua diski kwa kusoma tu. Kwenye terminali anza na hii upate majina na siriali kwa pamoja:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Andika kwenye karatasi. Siriali, sio sdb na sdc, maana hayo majina ya sd yanagawiwa upya kila ukiwasha na kwenye mazabodi mpya ndo kabisa hayana uhusiano na ya zamani. Halafu tengeneza folda tupu na ufungue moja ya zile 8TB, mfano kama ni sdc:

mkdir /tmp/angalia
mount -t xfs -o ro,norecovery /dev/sdc1 /tmp/angalia

Hiyo 1 ya mwisho usiisahau, ni partisheni, yaani kile kipande cha diski chenye mafaili. Na hiyo norecovery nimeiweka makusudi: watu wanadhani ro inatosha, kumbe XFS hata ukiifungua kwa kusoma tu, kama haikufungwa vizuri inamalizia kwanza jarida lake (orodha ya mabadiliko yaliyokuwa hayajakamilika), yaani inaandika kwenye diski. Ukiweka norecovery haiandiki kitu. Leo hatutaki hata biti moja iandikwe mahali popote, sio kwenye data wala kwenye ile unayoishuku kuwa pariti.

Ikifunguka ingia ndani, piga ls, uone folda zako. Na usiishie kwenye majina. Kopi picha tano sita kutoka folda tofauti tofauti uzilete kwenye laptopu uzifungue uone sura za watu. Nasema hivyo kwa sababu pariti kwenye hali kama yako inaweza kukataa kabisa kufunguka, ambayo ndo afadhali, au ikakubali nusu nusu ikakuonyesha takataka. Iliyo na folda zako na picha zinafunguka ndo ya data. Ukimaliza piga umount /tmp/angalia, halafu fanya hivyo hivyo kwa zile tatu zilizobaki. Ndio, hata zile 4TB mbili ambazo unajua zina data. Zote tatu za data zifunguke na moja tu igome au itoe takataka, na hiyo moja iwe ni 8TB, kwa sababu pariti haiwezi kuwa ndogo kuliko diski kubwa ya data. Ukipata jibu tofauti na hilo, mfano mbili zinagoma, simama hapo hapo uniandikie tena, usiendelee.

Kuna njia nyingine utaambiwa na watu, kwamba weka zote nne kwenye nafasi za data bila pariti, bonyeza Start, itakayosema haifunguki ndo pariti. Inafanya kazi na sio ya kijinga, Unraid haifuti diski yenye data ukiiweka nafasi ya data kwenye arei mpya isiyo na pariti. Mimi siipendi kwa mambo mawili. Inafungua diski kwa kuandika, kwahiyo pariti yako inaachwa nyuma kidogo. Na ile diski isiyofunguka inakuja na kitufe cha Format chini ya ukurasa, kinakukaribisha kabisa, na mtu mwenye wasiwasi saa sita usiku anaweza kukibonyeza akidhani ndo anatengeneza.

Sasa umeshajua. Kabla ya kupanga angalia afya ya diski kwenye SMART, ripoti ya diski kujipima yenyewe, maana umezibeba, umezichomoa, umezichomeka. Namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sekta mbovu na zinazoshukiwa, ziwe sifuri au ziwe zile zile za zamani. Namba 199 ikipanda ujue ni kebo, ibadilishe au ikandamize vizuri, diski yenyewe haina kosa. Na kama kwenye mazabodi mpya umetumia kadi ya RAID au umechomeka diski kwa boksi la USB, hakikisha siriali inayoonekana kwenye skrini ni ile iliyo kwenye stika ya diski, kuna vidhibiti vinaficha siriali au vinaongeza herufi zao, na hapo Unraid itakuwa inaona diski ngeni kila ukibadilisha njia ya kuchomeka.

Kupanga: ile iliyogoma kwenye Parity, tatu za data kwenye Disk 1, 2 na 3. Kwa pariti moja mpangilio wa zile tatu hauharibu hesabu, A XOR B ni sawa na B XOR A, ila kama shea zako zilikuwa zimepangiwa kukaa diski fulani jaribu kukumbuka mpangilio wa zamani. Angekuwa mtu mwenye pariti mbili ningemwambia tofauti kabisa, ile ya pili inahesabu kwa kufuata namba ya nafasi, ukihamisha diski kutoka Disk 1 kwenda Disk 2 hesabu yake imekufa. SSD iweke kwenye keshi, na jina la keshi liwe lile lile la mwanzo herufi kwa herufi.

Weka zote tatu KWA MARA MOJA. Kuna watu kwa woga wanaanza na diski mbili wanasema hii ya tatu nitaongeza nikiona mambo yako sawa. Hapo ndo wanajichimbia. Ukishakuwa na arei yenye pariti halali ukaongeza diski kwenye nafasi mpya, Unraid inaichukulia ni diski mpya na inaijaza sifuri kwanza ndo iingie kwenye hesabu. Data yote inaenda. Kuingia siku ya kwanza na kuingia siku ya pili ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mfumo huu.

Ukishapanga utaona onyo karibu na Start kwamba kila kilichopo kwenye diski ya pariti kitaandikwa upya. Soma siriali iliyoko kwenye nafasi ya Parity, linganisha na karatasi yako, isome kwa sauti kama kuna mtu karibu akuangalizie. Halafu kuna kiboksi kinasema pariti tayari ni halali, kiweke tiki. Usipokitiki data haipotei, ila itaijenga pariti upya kutoka mwanzo na muda wote huo huna kinga, diski moja ikifa katikati imeenda nayo. Piga skrinshoti ya ukurasa huo, itume kwenye simu yako, ndo ubonyeze Start.

Diski zote tatu zikiwa na kijani na ukubwa uliotumika unaonekana, hapo unaweza kwenda kumjibu mke wako. Lakini ukimaliza kumjibu rudi uanzishe ukaguzi wa pariti, na kile kiboksi cha kuandika masahihisho KITOE tiki. Kwa 8TB ni kama masaa 15, unaiacha usiku. Ikirudi na makosa sifuri safi. Makosa machache ya mwanzoni mwanzoni sio ajabu kama mashine ilizimwa vibaya, hapo rudia ukaguzi ukiwa umetiki masahihisho. Ikianza kuhesabu maelfu ndani ya dakika chache za kwanza, simamisha, kuna diski haiko mahali pake au kuna kebo inadanganya, na ndo faida ya kutoruhusu masahihisho raundi ya kwanza: inakuambia tatizo bila kugusa kitu.

Shea zako utazikuta, maana kwa Unraid shea ni folda ya juu kabisa kwenye diski, ila zitakuja na mipangilio ya kiwandani, kwahiyo angalia ulinzi wa kila moja kabla hujaruhusu watu waingie. Docker iache imezimwa mpaka uthibitishe keshi imefunguka na folda ya appdata, yenye data za hizo programu za Docker, ipo humo. Ukiiwasha kabla, makontena yanatengeneza appdata nyingine tupu kwenye arei na utadhani umepoteza kila kitu. Template zake zilikuwa kwenye flashi, za zamani unaweza kuzitoa kwenye ile bekapu, ziko config/plugins/dockerMan/templates-user, zile ulizoongeza baada ya hapo utaziandika upya na kuzielekeza njia ile ile ya appdata.

Na leo leo, arei ikishawaka, chukua bekapu mpya ya flashi. Ile ya zamani ukishatoa unachokitaka ondoa super.dat yake, ili siku nyingine rafiki yako akija na ushauri isiwepo.